Ngiri Hajapewa Tarehe

Nikilala chali, anarudi shimoni.
Nikisimama, huyo tena,
kinundu cha ukubwa wa limau
kinenani, upande wa kulia,
kinachungulia kama kina shauri nami.
Walioupa ugonjwa huu jina la mnyama
walijua walichokiona:
ngiri huingia kwake kinyumenyume,
meno yakabaki mlangoni.

Daktari alimsukuma kwa vidole viwili.
"Kohoa." Nikakohoa.
"Si wa haraka," akasema, akaandika.
Hiyo ilikuwa Machi.
Sasa Hilltown imeshika barafu
nami naipanda mkono mfukoni,
wala si kwa baridi ya Dundee:
namzuia mwenzangu asitoke.

Kazini wameniondoa kwenye magunia.
Miaka tisa nimebeba unga wa watu,
leo nahesabu mikate,
na vijana wa tanuri wananiita Mhasibu.
Nacheka kwa tahadhari.
Hata kicheko kina uzito wake.

Barua ya kwanza: tumekuingiza kwenye orodha.
Barua ya pili: je, bado unahitaji kuwa kwenye orodha?
Usipojibu kwa siku kumi na nne
tutachukulia kwamba huhitaji tena.
Nikatia alama kwenye kisanduku
hadi karatasi ikatoboka.
Barua ya tatu haikuwa yangu.
Ilikuwa ya Bi. Petrie wa ghorofa ya chini,
yeye anangoja nyonga.
Nikamshukia nayo. Akanipa supu ya dengu,
tukalinganisha tarehe tusizokuwa nazo.

Wewe ni wa ishirini na mbili kwenye foleni.
Kinanda kile kile,
kinafika mahali patamu kisha kinakatwa
niambiwe simu yangu ni muhimu.
Wa kumi na tano. Nateleka chai.
Wa sita. Chai imepoa.
Wa pili, natoa Kiingereza changu cha sikukuu.
"Jina la ukoo?"
Shemndolwa.
Herufi kumi, nazitoa mojamoja
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.
Hakuna mtu huyo, anasema.
Kisha: "Aa. Wamekuandika Shemdowla."
Kumbe miezi yote hii
aliyekuwa akingoja ni Shemdowla.
Naye namwombea apone.

Mama, kule Lushoto, anauliza
mbona sauti yangu imejikunja.
Tumbo tu, mama.
Kwetu mshipa ni siri ya mwanamume na shuka lake.
Huku nimeshaueleza kwa wanawake wanne
ambao sijawahi kuwaona uso.

Oktoba walinipa siku.
Sikula tangu usiku wa manane.
Nikavaa gauni lisilo na mgongo,
wakanichora mshale pajani kwa wino wa bluu.
Saa tano akaja muuguzi kijana,
macho yake yametangulia kuomba radhi:
kitanda kimechukuliwa na mahututi.
Nikasema haidhuru.
Na kweli, aliyezidiwa hutangulia.
Ila mshale ule
ulikaa siku tano bila kufutika,
ukionyesha njia, na hakuna aliyepita.

Leo simu imelia, namba imefichwa.
Nimeikimbilia na povu masikioni.
Alhamisi ijayo, saa moja asubuhi.
"Bwana Shemndolwa," amesema, hakujikwaa.
Una mzio wowote? Meno ya bandia?
"Na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani,
akae nawe siku nzima na usiku wake?"

Jina lililo kwenye fomu ya zamani
lilishahamia Leeds, na mapazia lilichukua.

Povu linashuka shingoni.
Chini naisikia fimbo ya Bi. Petrie,
kutoka jikoni hadi mlangoni,
miaka themanini na mmoja,
nyonga yake haijapewa tarehe.

"Yupo," nasema.
"Anaitwa nani?"
Namtajia, polepole,
herufi kwa herufi.